Namba kumi: mbio zinanunuliwa, macho hapana

MUTSHATSHA – Karibu na stesheni ya reli kuna kibanda ambamo wakaaji wanaleta simu zao kuchaji kwa paneli ya jua. Mwenye kibanda ni mzee ambaye vijana wote wanamwita Papa. Kuanzia saa kumi na moja za jioni vijana wanajaa pale, wengine wamekaa juu ya mabidoni, wengine wamechuchumaa, kila mmoja ameinamia simu yake. Wanacheza kabumbu ya kwenye simu. Ubishi wao ni ule ule kila siku: namba kumi apewe mbio kwanza, ao apewe pasi kwanza?

Mtu mzima akipita anatikisa kichwa na kuendelea na safari yake. Anaona watoto wanamaliza betri bure. Lakini kwa kijana mmoja wa miaka 17, ubishi huo ulikuwa njia ya kuongea na kaka yake kila usiku.

Mutshatsha inawajua watu wanaofika na mizigo kichwani. Wazee wanakumbuka Machi 1977, katika ile vita ya siku themanini, mji ulipotekwa na wakaaji wakatawanyika. Wengine walifika baadaye sana, wakitoka Kasai baada ya vita vya 2016 na 2017. Na kuna wale wa karibuni, waliotoka Kolwezi kwenyewe, kwa sababu shimo la mgodi lilikuwa linapanuka mpaka karibu na kuta za nyumba zao. Jamaa ya kijana huyu ni ya kundi hilo la mwisho. Mama yake alirudi Mutshatsha kwao alikozaliwa, akiwa na watoto wanne. Wa kwanza, mwenye miaka 22, alibaki Kolwezi. Alikuwa anachimba kwa mikono, anapakia mifuko, anauza kwenye depo. Makuta kidogo aliyopata aliyatuma nyumbani.

Kabla ya kuachana, ndugu hao wawili walifanya mapatano. Kila mmoja aliingiza mchezo ule ule kwenye simu yake, na kila mmoja akachukua namba kumi yule yule, kijana ambaye bado hajakomaa. Kila mmoja amkuze kwa akili yake. Usiku wakutane uwanjani, waone nani amelea vizuri.

Mchezo wenyewe unaitwa eFootball, wa kampuni ya Konami ya Japani. Waliokuwa wakicheza PlayStation zamani wanaujua kwa jina la PES. Jina lilibadilika mwaka 2021. Ndani yake mchezaji anakua kadiri anavyocheza, na kila akipanda anapewa pointi chache za kugawa. Pointi hizo zinaingia katika mafungu: mashuti, pasi, kuchezesha mpira, wepesi wa mwili, nguvu za miguu, mipira ya juu, ulinzi, na mengine ya kipa.

Hapo ndipo hesabu inaanza. Ngazi nne za kwanza za kila fungu zinauzwa rahisi, pointi 1 kila ngazi. Ngazi nne zinazofuata ni pointi 2 kila moja. Nne za tatu ni pointi 3. Kwa hiyo mtu mwenye pointi 12 anaweza kupandisha fungu moja tu mpaka ngazi ya 8. Ao, kwa pointi zile zile 12, anaweza kupandisha mafungu matatu, kila moja ngazi 4, na akapata ngazi 12 kwa jumla. Anayetaka fungu moja lifike ngazi ya 12 atalipa pointi 24. Kila ukipanda, bei inakuwa kali, kama vile bei ya unga mwisho wa mwezi.

Kaka hakujali hesabu hiyo. Alimwaga pointi zote katika nguvu za miguu, kwa sababu humo ndimo mbio zinamokaa. Namba kumi yake akawa kama pikipiki.

"Muloko, mbio njo kila kitu," alimwambia mdogo wake katika sauti ya WhatsApp. "Utaona."

Mdogo aliona. Yeye hakuwa na mpango. Mchezo una kitufe cha kugawa pointi wenyewe, na alikibonyeza tu, kila fungu likapata kidogo. Katika mechi kumi za kwanza alishinda moja. Namba kumi wa kaka alikuwa anapokea mpira katikati, anageuka, anaondoka, na mabeki wanabaki wanamwangalia mgongo. Mama yao alikuwa anasikia kelele katika simu na kujua kwamba mtoto wake wa Kolwezi bado mzima. Hilo lilimtosha. Hakuuliza matokeo.

Mdogo akaanza kuandika katika daftari. Aliandika kila bao alilofungwa, na lilivyoanza. Baada ya wiki mbili aliona jambo. Mabao mengi ya kaka yake yalikuja wakati mtandao uko mzuri, usiku sana, watu wamelala. Mtandao ukiwa mbaya, kama ulivyo siku nyingi Mutshatsha, yule wa mbio alikuwa anapotea. Mtu wa chenga na mbio anahitaji kidole kijibiwe palepale. Ukibonyeza leo na mchezaji akageuka kesho, beki ameshauchukua mpira. Lakini pasi fupi inavumilia. Ikichelewa kidogo, bado inafika, mradi umejua mapema inakwenda kwa nani.

Basi alianza upya na namba kumi mwingine wa aina ile ile, safari hii kwa mpango. Pointi 4 za kwanza aliziweka kwenye pasi. Nne zilizofuata kwenye kuchezesha mpira, kwa sababu fungu hilo linamsaidia mchezaji kuutuliza mpira mguuni, na pasi nzuri haitoki katika mguu ambao mpira unaukimbia. Nne za tatu aliziweka kwenye wepesi, unaompa mchezaji hatua mbili za haraka na kusimama imara akisukumwa. Hapo pointi 12 zilikwisha, na ngazi 12 zimepatikana. Baada ya hapo ndipo alirudi kwenye pasi, akalipa bei ya pili, pointi 2 kwa kila ngazi.

Mashuti aliyaacha. Washambuliaji wapo kwa kazi hiyo. Mipira ya juu hakuigusa kabisa.

Lakini kosa moja alilifanya, na lilimgharimu mechi nyingi. Alizidharau nguvu za miguu kwa sababu zilikuwa chaguo la kaka yake. Namba kumi wake alicheza vizuri mpaka dakika ya 70, kisha akachoka, akawa anatembea. Ndipo alipogundua kwamba katika fungu lile la mbio mna pumzi pia. Kaka yake hakuwa mjinga. Alikuwa amenunua kitu kizuri, ila alikinunua peke yake na kwa bei ya juu. Mdogo akaongeza ngazi nne za miguu, zile za bei rahisi, na mwili ukafika mpaka mwisho wa mechi.

Papa wa kibanda alikuwa anafuatilia ubishi huo bila kushika simu. Yeye ni mtu wa TP Mazembe tangu utotoni. Siku moja aliwauliza vijana: katika mafungu yote hayo, fungu la hasira liko wapi?

Walicheka. Yeye hakucheka. Aliwakumbusha mwaka 2010. Mazembe walikuwa mabingwa wa Afrika wa 2009, na kiongozi wao uwanjani alikuwa Trésor Mputu, mchezaji ambaye Katanga nzima ilimpenda. Miguu alikuwa nayo, pasi alikuwa nazo, macho alikuwa nayo. Katika mashindano ya Kagame mjini Kigali mwaka ule, kukatokea fujo dhidi ya mwamuzi, na FIFA ikamsimamisha Mputu mwaka mzima. Desemba, Mazembe walikwenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la vilabu bila yeye. Waliwapiga Pachuca wa Meksiko 1-0. Waliwapiga Internacional wa Brazili 2-0, kwa mabao ya Kabangu na Kaluyituka, na kipa Kidiaba akaruka kwa matako dunia nzima ikitazama. Wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali hiyo. Tarehe 18 Desemba walifungwa na Inter Milan 3-0.

"Ile siku tulitafuta mutu wa kushika mupira, wa kutuliza timu," Papa alisema. "Alikuwa nyumbani. Juu ya dakika moja ya hasira."

Vijana walinyamaza kidogo. Mmoja akasema kwamba Inter wangeshinda hata Mputu angekuwepo. Ubishi ukaanza upya, na Papa akarudi kwenye nyaya zake.

Neno la Papa lilibaki kichwani mwa yule kijana. Usiku ule alifungua mafungu na kuyasoma tena, moja moja. Hasira haimo. Na kitu kingine alichokitafuta hakumo pia: macho. Mchezo unakuuzia pasi iliyonyooka, lakini haukuuzii kujua nani yuko wazi. Kwenye kioo kuna ramani ndogo ya uwanja, na wachezaji wote ni vidoto. Kuitazama hakugharimu pointi hata moja. Ila aliyeshika simu asipoitazama kabla mpira haujafika, namba kumi wake ni kipofu, hata angekuwa na ngazi 12 za pasi.

Aliuliza swali hilo katika kundi la WhatsApp la jamaa, ambamo yumo mjomba wao aliye Marekani, anayefanya kazi ya usiku katika ghala. Mjomba alijibu kwa sauti ndefu. Alisema kule kazini wenzake wanacheza mchezo mwingine wa simu na televisheni, wa mpira wao wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono, na wanabishana vilevile. Timu yao inamtegemea mtu mmoja anayeitwa kwotabeki. Yeye ndiye anapokea mpira kwanza katika kila shambulizi, na kwa sekunde mbili tatu tu, huku majitu yanamjia kumwangusha, anapaswa kuamua amrushie nani. Kwa hiyo wanaomtengeneza katika mchezo wanaulizana: apewe mkono wenye nguvu, wa kurusha mbali? Apewe miguu ya kukimbia? Ao apewe shabaha na akili ya kusoma wapinzani?

Kisha akawasimulia habari ya Tom Brady. Mwaka 2000, timu za Marekani zilipochagua wachezaji wapya, watu 198 walichaguliwa kabla yake. Alikuwa amepimwa mbio, na mbio zake zilikuwa za mtu mzito. Huyo aliyechaguliwa wa 199 akaja kuchukua ubingwa mkubwa wa mpira ule, Super Bowl, mara 7, kuliko mchezaji mwingine yeyote. Hakuwashinda watu kwa kukimbia. Alikuwa anajua mapema mpira unakwenda wapi, na ukitoka mkononi unafika.

"Miguu unaiona kwa siku moja," mjomba alimaliza. "Kichwa kinataka muda, njo maana batu hawakinunui."

Kaka wa Kolwezi aliisikiliza sauti ile. Alijibu kwa alama ya kucheka, kisha wakacheza. Mdogo alishinda 2-0. Namba kumi wake hakukimbia hata mara moja. Alikuwa anapokea na kutoa, anapokea na kutoa. Katika simu kaka alilalamika kuhusu mtandao, kama afanyavyo kila aliyefungwa.

"Yaya," mdogo alimwambia, "ule wako anakimbia sana, lakini haoni batu. Na mupira ataenda naye wapi?"

Kaka hakujibu. Ilikuwa siku ya nne. Usiku wa siku ya tano hakuonekana katika mchezo. Wala wa siku ya posho. Wala wa siku ya mungu.

Wanaoishi katika nchi hii ya shaba wanajua ukimya wa namna hiyo. Juni 2019, udongo ulipoanguka katika mgodi wa KOV pale Kolwezi, watu zaidi ya 40 walikufa, na kuna nyumba zilizojua habari kwa sababu tu simu haikupokelewa. Mama alianza kwenda barabarani asubuhi, pale malori ya kutoka Kolwezi yanaposimama, kuuliza madereva kama kumesikika shimo lililoanguka. Madereva walisema hawakusikia. Alirudi na kupika bukari ambayo hakuna aliyeimaliza. Mdogo alikuwa anafungua mchezo kila baada ya saa moja, si kwa kucheza, kwa kutazama jina la kaka yake kama limewaka. Mega zilikwisha. Akakopa nyingine kwa Papa.

Siku ya sita simu ya Papa ikalia kwa namba isiyojulikana. Papa alisikiliza, akasimama, akamwita kijana kwa sauti ambayo kibanda kizima kiligeuka.

Alikuwa kaka.

"Muloko, usilie. Siko tena mu shimo," alisema. "Niko najifunza kazi ya vyuma. Simu niliuzisha."

Kwa wiki nyingi alikuwa anazungumza na fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, anayetengeneza milango na madirisha. Fundi alikubali kumfundisha, lakini alitaka makuta ya kuanzia. Kaka hakuwa na kitu cha kuuza isipokuwa simu. Aliogopa kumwambia mama kabla hajajua kama fundi atampokea kweli, kwa sababu mwanafunzi halipwi, na makuta ya kutuma nyumbani yatakoma kwa miezi. Ndiyo maana alinyamaza. Sasa alikuwa anaongea kwa simu ya fundi, na fundi alikuwa anamwambia afupishe.

Mama alipopewa simu hakumwuliza habari ya makuta. Alimwuliza kama amekula. Kisha akamgombeza kwa zile siku sita, kwa maneno ambayo si ya kuandikwa hapa, mpaka wateja wa kibanda wakatazama pembeni.

Maisha ya nyumbani yamekuwa magumu zaidi tangu siku ile, na hakuna anayeficha. Mama ameongeza meza ya chumvi, sabuni na makala mbele ya nyumba. Mdogo anamsaidia Papa kibandani baada ya masomo, anapewa kidogo. Mega za kila usiku hazipo tena. Mama anasema makuta ya mega ni makuta ya chumvi, na kwa sasa neno lake halipingwi.

Namba kumi bado yuko ndani ya simu ya mdogo, na pointi chache ambazo hazijagawanywa. Vijana wa kibandani wanamshauri aziweke kwenye mbio, sasa kwa kuwa mengine yameshapanda. Huenda wana haki. Ngazi za pasi zimefika bei ya 3, na zile za miguu bado ni bei ya 2. Hesabu inabadilika kadiri mchezaji anavyokua. Kilichokuwa ghali jana kinaweza kuwa rahisi leo, na anayeshikilia neno moja tu tangu mwanzo mpaka mwisho atafungwa naye pia. Mdogo amesema atangoja.

Alingoja mpaka siku ya posho iliyopita. Kaka alifika juu ya lori tupu lililokuja kuchukua makala, macho mekundu kwa moto wa kuchomelea, na mkononi ana mfuko wa mikate. Baada ya kusalimia wazee na kukaa na mama kwa muda mrefu, walikwenda wote wawili kibandani. Simu ilikuwa moja. Walikaa bega kwa bega juu ya bidoni moja. Kaka akashika upande wa kushoto wa kioo, ule wa kumwongoza mchezaji, mdogo akashika upande wa kulia, wenye vitufe vya pasi. Wapinzani wao alikuwa kijana wa upande wa soko aliyetoa mega zake mwenyewe.

Dakika za kwanza walikuwa wanagongana. Huyu anakimbia, yule ameshatoa pasi. Watu walicheka. Wakafungwa bao moja.

"Yaya, tazama kwanza chini, kwa ramani," mdogo alisema. "Kisha uende."

Kaka alipunguza mwendo. Namba kumi akasimama na mpira katikati ya uwanja, beki anamjia, na kibanda kizima kinapiga kelele akimbie. Hakukimbia. Upande wa kulia kidoto kimoja kilikuwa peke yake.

Mpira ukaenda huko. Waliposawazisha, kaka alimpiga mdogo wake kofi la mgongo hata simu ikaanguka chini kidogo. Papa akawaambia waiokote haraka, betri imebaki asilimia 6, na mama anaita, bukari iko mezani.